Kiatu cha dukani, mtumba, ngozi ya hapa hapa au katambuga ya tairi: kipi fundi anaweza kukirudisha?

Mwezi wa 12 mmoja huko nyuma nilikuwa nasafisha chumba cha watoto nikavuta kiroba chini ya kitanda, kufungua nakuta viatu. Nikavimwaga uani nikahesabu, pea 11, na vyote vimeharibika ndani ya miaka mitatu tu, watoto watatu na baba yao. Vya shule vyeusi vilivyoachama mbele, raba zilizobanduka, sendo zilizokatika mkanda, na pea moja ya mume wangu ya shughuli ambayo kwa juu inang'aa kabisa ila ukiigeuza soli haipo, imemeguka yote. Nikakaa na chai yangu nikaanza kuvigawa mafungu mawili, vinavyotengenezeka huku, visivyotengenezeka huku, na hilo fungu la pili ndo likanitisha maana lilikuwa kubwa na nilijua linakwenda wapi. Gari la taka likija linavipeleka dampo la Pugu Kinyamwezi, gari lisipokuja mtu anavichoma nyuma ya nyumba, na mvua ikipiga sana vingine vinaishia mtaroni, halafu Msimbazi, halafu baharini.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ya kununua. Zamani nilikuwa nauliza bei na saizi basi. Sasa hivi swali langu la kwanza ni hili: hiki kikiharibika, fundi atakifanyaje? Na jibu lake linategemea sana kitu kimoja ambacho wengi hatuangalii dukani, jinsi soli ilivyoshikishwa na imetengenezwa kwa kitu gani. Januari inakuja na viatu vya shule ndo vinatafutwa, kwa hiyo nalinganisha hapa aina nne ambazo nimezitumia nyumbani kwangu, kila moja nikisema inakwendaje kwa fundi. Bei nitakazotaja ni zile nilizolipa mimi hapa Dar, kwako zinaweza kupanda au kushuka.

Kwa nini nahangaika na fundi wakati vipya vipo

Mwaka 2013 watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani waliichambua raba moja ya kukimbilia, wakakuta ina vipande 65 na kuitengeneza kunachukua hatua zaidi ya 360, na pea moja inaingiza hewani karibu kilo 14 za hewa ukaa. Zaidi ya theluthi mbili ya hiyo inatoka kiwandani, kwenye kuyeyusha, kukandamiza na kuunganisha. Maana yake ni kwamba kiatu uchafu wake mkubwa kinaufanya kabla hujakivaa hata siku moja, na ukikivaa miaka mitatu badala ya miezi sita hakuna kiwanda kilichowashwa tena kwa ajili yako. Na dunia inatengeneza zaidi ya pea bilioni 20 kila mwaka, hebu fikiria.

Alafu kiatu si kama chupa ya maji ambayo mtu wa kuokota atakuja kuichukua apeleke kwenye mzani. Kiatu ni plastiki imegandishwa kwenye sponji, sponji kwenye kitambaa, kitambaa kwenye mpira, hakuna anayekaa kuvitenganisha. Wale vijana wanaopita mtaani na viroba wanachukua chupa na vyuma, viatu wanaviacha palepale. Kwa hiyo kwa kiatu, fundi wa pale kona ndo urejelezaji wenyewe, hakuna mwingine.

Kiatu kipya cha bei rahisi

Naongelea hivi vya elfu 12 mpaka elfu 18, vyeusi, vinang'aa, muuzaji anakwambia ni leza, yaani ngozi. Si leza. Ni kitambaa kilichopakwa plastiki kwa juu, ukikikunja mara mia mbili pale vidole vinapokunjikia ile plastiki inachanika inaanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na hapo hakuna kiwi wala fundi atakayekusaidia maana kinachochanika ni kiatu chenyewe.

Sehemu ya soli ndo pabaya zaidi na hapa naomba nikae kidogo. Soli za hivi viatu ziko za namna mbili tatu. Kuna za PVC, plastiki ngumu nzito kidogo, hizi nyingi zimemiminwa moja kwa moja kwenye kiatu, zikipasuka katikati ya unyayo zimepasuka. Na ukiona fundi amepaka gundi ile ya njano ya kawaida ikaachia baada ya wiki mbili usimlaumu, ile plastiki ina mafuta ya kuilainisha ambayo yanatoka taratibu na kuilegeza gundi. Inataka gundi nyingine kabisa, ambayo mafundi wengi wa mtaani hawana au wanayo kwa bei ya juu.

Alafu kuna za PU, hizi nyepesi laini unazikanyaga unasikia raha, na ndo zile zilizomegeka za mume wangu. Hii nataka kila mtu wa Pwani aijue, Dar, Tanga, Mtwara, Zanzibar, Mombasa, kote kwenye joto na unyevu. PU inaliwa na unyevu wa hewani. Hata usipoivaa. Ukiiweka kabatini kwenye boksi lake miaka minne mitano inavunjika yenyewe ndani kwa ndani, na siku unayoitoa kwa ajili ya shughuli ndo siku inamwagika. Mume wangu alivitunza vile viatu vya harusi na misiba tu, vimevaliwa labda mara nane, tukaenda send-off ya mdogo wake, kutoka kwenye gari mpaka ukumbini akawa ameacha vipande vyeusi njia nzima kama mtu anamwaga mkaa, na akakaa sherehe nzima amekalia kiti hakuinuka hata kupeleka zawadi. Iliniuma sana siku ile, maana alivitunza. Mtu aliyetunza kitu ndo kaumbuka.

Je soli ya PU iliyomegeka inatengenezeka? Gundi hapana, kushona hapana, uzi unakata ile soli kama unakata mkate. Dawa ni moja tu, kuing'oa yote na kuweka soli mpya ya mpira, na hiyo ina maana tu kama sehemu ya juu ni ngozi ya kweli. Vya mume wangu vilikuwa ngozi kweli juu, kwa hiyo vilipona, nitafika huko. Kwa kile cha elfu 15 chenye plastiki juu na PU chini, gharama ya soli mpya inafika bei ya kiatu na juu kunaendelea kubanduka, hapo nisikudanganye.

Kitu kizuri cha aina hii? Ni pesa ya mkononi. Mzazi mwenye watoto wanne na elfu 60 mfukoni Januari hawezi kununua pea moja ya elfu 45, namuelewa kabisa na nimekuwa hapo. Ila kama unalazimika, chagua yenye soli ya mpira au mpira laini unaokunjika bila kuacha mistari myeupe, na kabla mtoto hajaivaa hata siku moja ipeleke ikashonwe mzunguko mzima. Hii mafundi wetu na wazazi wetu waliijua zamani, kiatu kipya kinatoka dukani kinapita kwa fundi kwanza. Elfu 3 mpaka 4 hiyo, inakupa miezi mingine mingi.

Angalizo moja, ule uzi mweupe au wa kahawia unaouona pembeni ya soli usiuamini. Mara nyingi si uzi, ni michirizi ya plastiki imechorwa na kalibu kiwandani. Jaribu kuingiza ukucha chini yake. Ama nyanyua ile sponji ya ndani uangalie kama kuna mshono unaonekana ndani, kama hakuna basi kimeshikwa na gundi tu.

Mtumba wa ngozi

Kwa Dar masoko yake ni Karume, Manzese, Tandika, kwa wa Nairobi kuna Gikomba, Mombasa kuna Kongowea. Humu ndo utakutana na viatu vilivyoshonwa vizuri kuliko chochote cha dukani kwa bei hiyohiyo. Kuna aina moja ukiipata usiiache, ukiangalia chini ya kiatu pale kinapokutana na soli unaona kaukanda ka ngozi kamezunguka, soli imeshonwa kwenye huo ukanda, haikushonwa kwenye kiatu chenyewe. Wazungu wanaiita Goodyear. Faida yake ni kwamba soli ikilika fundi anakata ule uzi wa nje, anatoa soli ya zamani, anashonea nyingine kwenye ukanda uleule, na kiatu cha juu hakijaguswa hata na sindano. Inafanyika mara tatu nne. Mimi baba yangu mzazi alikuwa na pea ya namna hii ya kahawia, aliivaa tangu nipo la tatu mpaka namaliza fomu foo na soli zilibadilishwa nisijue mara ngapi.

Kingine cha kukipenda kwenye mtumba, kiatu kilishatengenezwa tayari, hewa ilishachafuliwa huko, wewe unaongeza tu maisha yake. Sema kuna upande wa pili na lazima tuuseme. Marobota yanakuja na mazuri na mabovu pamoja, na yale mabovu hayarudi Ulaya, yanabaki kwetu. Nchi za Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kupunguza nguo na viatu vya mitumba mpaka ifike 2019 viishe kabisa, Rwanda wakapandisha ushuru kweli, Marekani wakaisimamishia nafuu ya AGOA, ile ya kuuza kwao bila ushuru, kwa upande wa nguo mwaka 2018, wengine tukarudi nyuma. Kwa hiyo mtumba mbovu ukiununua wewe umebeba takataka ya mtu mwingine ukailipia na nauli.

Na hatari kubwa ya mtumba ni ileile PU. Huwezi kujua kiatu kina miaka mingapi, mtu kakiweka stoo huko miaka mitano, kimekaa kwenye kontena miezi, kimekaa juani Karume, kwa macho kinaonekana kipya. Jaribio langu ni hili: kikunje kwa nguvu mbele na nyuma mara tano, alafu angalia pembeni ya soli kwenye mwanga. Ukiona vimistari vidogo vidogo kama ardhi iliyokauka, au ukibonyeza na kucha panabaki shimo, au panakuwa na ute unaonata, kirudishe. Muuzaji atakasirika kidogo, mwache akasirike. Soli ya mpira wa kweli ni nzito zaidi, inarudi ukiibonyeza, na ukiisugua sakafuni inakwama.

Saizi za watoto kwenye mtumba ni bahati. Vyeusi vya shule vinavyofanana na sare ni bahati zaidi. Mimi nimeshazunguka Jumamosi mbili nikatoka na pea moja.

Ngozi ya hapa hapa

Tuna ng'ombe wengi sana nchi hii na ngozi nyingi inaharibika hivi hivi, lakini viatu vya ngozi vya hapa vipo, ukitafuta unapata. Moshi kuna kiwanda cha Karanga cha Jeshi la Magereza kwa ubia na mfuko wa pensheni wa PSSSF, na mitaani kuna mafundi wanaotengeneza kiatu kuanzia ngozi mbichi mpaka kinavaliwa, unakwenda anachora mguu wa mtoto kwenye karatasi. Kwa wenzetu Nairobi soko la Kariokor ndo sifa yake hiyo.

Bei inauma, kusema kweli. Nililipa elfu 45 kwa pea ya shule ya kijana wangu mkubwa, wakati pembeni yake kuna cha elfu 15 kinang'aa zaidi. Ila nikaanza kuandika kwenye daftari. Vile vya elfu 15 tulikuwa tunanunua pea mbili kwa mwaka kwa mtoto mmoja, wakati mwingine tatu. Miaka mitatu hiyo ni elfu 90 kwa uchache na pea sita za takataka. Kile cha ngozi kilianza kwa elfu 45, nikaongeza elfu 4 ya kushona, mwaka wa pili visigino elfu 5, alafu mguu wa kaka ukakua kikashuka kwa mdogo wake, nikabadilisha soli elfu 14, kikaendelea. Jumla elfu 68, na bado kipo mguuni naandika haya. Hicho kipengele cha kushuka kwa mdogo ndo wengi wanakisahau wanaposema mtoto anakua haraka kiatu kizuri ni hasara. Mtoto anakua ndiyo, lakini kiatu kikipona kinasubiri mguu mwingine, kama si wa mdogo wake basi wa mtoto wa jirani.

Kwa fundi hiki ndo kinamfurahisha. Ngozi inashika uzi, inashika gundi, ukipaka mafuta inalainika tena. Fundi wangu akikiona anakigeuzageuza kwanza ndo anasema bei, na bei anayosema ni ya chini kuliko ya kile cha plastiki kwa sababu kazi yake ni rahisi na anajua haitarudi kesho na lawama.

Sasa ukweli mwingine. Ngozi si kitu kisafi. Ng'ombe mwenyewe anakula mzigo mkubwa wa ardhi na maji, na ngozi nyingi duniani inalainishwa kwa chumvi za kromiamu ambazo maji yake yakiachiwa mtoni ni sumu. Na kiatu cha ngozi hiyo usikichome, kromiamu ikiungua inaweza kugeuka ile aina mbaya zaidi. Kuna njia nyingine ya kutumia magome ya miti, miwati hiyo, kule Njombe ipo mashamba na mashamba na dawa ya ngozi inatoka kwenye magome yake, ukipata fundi anayetumia ngozi ya namna hiyo mshike. Mi nilivyoona ni kwamba kiatu cha ngozi kinakuwa na maana kwa mazingira pale tu kinapovaliwa miaka mingi. Ukikinunua alafu ukakiacha kiote ukungu chini ya kitanda, bora ungenunua kile cha plastiki.

Katambuga

Kuna watu watashangaa nimeiweka humu lakini ukiongelea taka hakuna kiatu kinachoishinda. Mpira wa tairi ukishapikwa na salfa haurudi tena kuwa uji, hauyeyushwi ukaumbwa upya kama plastiki ya ndoo, ndo sifa ya ule ugunduzi ambao Charles Goodyear aliuandikishia hati mwaka 1844. (Ule ushonaji wa ukanda niliousema juu jina lake limetoka kwa mwanae.) Kwa hiyo tairi chakavu ni tatizo la kudumu, na yule anayelikata akatengeneza malapa analitumia lilivyo bila kiwanda wala umeme, kisu na misumari na nguvu zake tu.

Soli yake sijawahi kuona imelika. Kinachokatika ni mkanda, na mkanda unang'oa msumari unapiga mwingine, dakika kumi. Wamasai wanatembea nayo porini kwenye miiba huko, kwa shamba na machungani na kwa fundi ujenzi anayekanyaga kokoto naiweka namba moja. Ukinunua angalia iwe imekatwa kwenye tairi la nyuzi za nailoni, lile lenye nyaya za chuma baadaye waya unatokeza unakuchoma kisigino.

Shuleni hairuhusiwi, ofisini huingii nayo, ni nzito na juani inapata moto. Kwa hiyo haishindani na zile tatu, ina kazi yake.

Ukishafika kwa fundi: gundi, uzi au soli mpya

Hapa pia kuna kuchagua, na watu wengi wanaenda wanasema tu "nitengenezee" alafu wanapata kilicho rahisi.

Gundi peke yake, elfu 1 mpaka 2. Inafaa pale soli imeachia kidogo tu na kiatu hakipigwi maji. Ila ifanywe inavyotakiwa: pande zote mbili zisuguliwe kwa msasa mpaka gundi ya zamani yote itoke, zipakwe zote mbili, ziachwe dakika 10 mpaka 15 mpaka ukigusa haichafui kidole, ndo zikutanishwe na kupigwa nyundo kwenye kalibu. Fundi anayepaka upande mmoja akabandika palepale ikiwa mbichi amekuuzia siku tatu. Na wewe usikivae siku hiyohiyo, kiache kilale.

Gundi na kushona, elfu 3 mpaka 5. Hii ndo ninayoichagua kwa viatu vya shule karibu kila mara. Mwangalie fundi anavyoshona chini. Mzuri anachana kwanza kamfereji kembamba kuzunguka soli, uzi unalala humo ndani, kwa hiyo ukitembea hausagiki na lami. Asipochana uzi unakaa juu na baada ya mwezi umekatika wote chini ingawa juu bado unauona mzima. Uzi uwe wa nailoni na aupitishe kwenye nta, wa pamba unaoza ukilowa. Na matundu yasibanane sana, yakikaribiana soli laini inachanika kwenye mstari kama karatasi ya daftari.

Soli mpya nzima, elfu 10 mpaka 20 kutegemea na saizi na mpira. Hapa ndo vile viatu vya send-off vilipona. Fundi aling'oa ile PU yote iliyooza, akasugua, akakata soli ya mpira, gundi, uzi, visigino vipya, elfu 18. Mume wangu alisita, akasema si ninunue vingine elfu 30. Nikamwambia vingine vya elfu 30 vitakuwa na soli ileile iliyokuumbua. Ana mwaka wa pili navyo sasa, anavivaa kazini kila wiki, hatuviweki tena kusubiri shughuli.

Kanuni yangu ya lini nisitengeneze: kama sehemu ya juu imechanika pale inapokunjika na si ngozi, naacha. Kama kiatu kimeshapinda mguu wa mtoto, anakivaa anatembea upande, naacha pia hata kiwe kizima kiasi gani, mguu wa mtoto ni muhimu kuliko kiatu. Vinginevyo hesabu yangu ni kwamba tengenezo likinipa angalau mwaka kwa chini ya nusu ya bei ya kipya kinacholingana nacho, kinakwenda kwa fundi.

Na kitu kinachonipa moyo ni kwamba sisi fundi tunaye. Sweden mwaka 2017 walishusha kodi ya ongezeko la thamani kwenye kutengeneza viatu, nguo na baiskeli kutoka asilimia 25 mpaka 12 ili watu wakumbuke tu kupeleka. Ufaransa mwisho wa 2023 walianza kumpunguzia anayepeleka nguo au kiatu kwa fundi aliyesajiliwa kati ya euro 6 na 25. Wamefikia kulipa hela kurudisha kitu ambacho kwetu kipo chini ya mwembe na mwavuli wa soda na redio, kila mtaa, bila mtu kumlipa ruzuku. Tukiendelea kununua visivyotengenezeka huyu mzee atakosa kazi na kijana wake hatarithi sindano, na siku tukimhitaji itabidi tuanze kama wao.

Kwa hiyo nani achukue nini

Mtoto wa shule mwenye mdogo wake nyuma, ngozi ya hapa hapa hata kama utalazimika kudunduliza tangu Septemba. Mtoto wa mwisho au wa pekee na huna wa kumrithisha, mtumba wa ngozi ukiupata saizi, ukikosa basi cha dukani chenye soli ya mpira kilichoshonwa kabla ya kuvaliwa. Mtu wa ofisini, mtumba wenye ukanda ule uliozunguka, tafuta taratibu hata miezi miwili mpaka upate, usiende siku moja kabla ya usaili. Mtu wa bodaboda au ujenzi, buti la ngozi lenye soli ya mpira ulioshonwa. Mtu wa shamba, katambuga na gambuti la masika basi.

Raba za michezo sijaziweka maana kwangu bado zinanisumbua. Ile sponji ya EVA ya chini haimegeki kama PU ila inalala, inakosa kurudi, na fundi hawezi kuirudishia ule ulaini. Zile zenye soli ya bakuli la mpira lililoshonwa pembeni zinatengenezeka vizuri tu, zile za kukimbilia zenye sponji nene naona zinabaki mzigo. Mwenye fundi anayebadilisha ile sponji aniambie, nitampelekea tatu.

Zile pea 11 zangu ziliishia hivi. Nne zilishonwa na kurudi mguuni, moja ni ile ya send-off iliyowekwa soli, mbili nilimpa fundi akate ngozi za viraka na atoe vifungo na visigino vilivyokuwa vizima, alifurahi akanitengenezea mkanda wa sendo bure. Zilizobaki nne hazikuwa na dawa, plastiki juu na PU chini, nikazifunga kwenye kiroba nikasubiri gari la taka, sikuzichoma maana moshi wa plastiki ni sumu na watoto wanacheza palepale. Gari lilikuja baada ya siku tisa.